Kabla Hujamjibu Bi Atieno

Manka mwanangu,

Siwezi kuianza barua hii kwa kukuambia kwamba sisi huku ni wazima na hofu ni kwako uliye mbali, kwa sababu bado hujawa mbali. Uko Feri na shangazi yako mnachagua samaki wa kukaanga kwa ajili ya safari. Mama yako yuko Mchikichini anakutafutia sweta jingine, kwa kuwa kuna mtu amemwambia Nairobi ni baridi kama kwetu Machame. Mimi niko dukani. Nimewaambia mawinga wa nje leo wasiniletee mteja, nimekaa nyuma ya rafu za zipu, na kesho alfajiri basi linakuchukua kwenda kazini Nairobi.

Mambo ya sweta na blanketi, na nini usile njiani, na mkoba uuweke wapi ukisinzia, nimemwachia mama yako. Yeye anayajua kuliko mimi na atakuambia mpaka uchoke. La kwangu ni moja. Asubuhi umeniuliza swali, nami nimekujibu haraka, na nimekujibu vibaya. Nataka upate jibu langu la pili kabla jioni haijaingia na kabla hujamjibu Bi Atieno.

Ningekupigia simu. Nimeishika, nikaiweka, nikaishika tena. Lakini unanijua, nikiongea na mtu simuni mdomo wangu unaanza kuuza. Hata mchungaji akinipigia kuniuliza kama nitawahi kikao cha wazee wa kanisa, najikuta namwambia niko njiani, hali bado niko hapa napima lesi. Kalamu inanipunguza kasi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mwandiko utauvumilia.

Nianze na kazi yako yenyewe, maana kwa muda mrefu sikuielewa, na nilikuwa naona aibu kuuliza. Watu wa kanisani wakiniuliza Manka anafanya nini, nilikuwa nawaambia yuko kwenye kompyuta. Wakiniuliza kwenye kompyuta anafanya nini, nabadilisha mazungumzo. Mpaka siku ile ulipokuwa unapanga vifungo hapa, ukaniambia, Baba, chukulia cherehani. Sisi kampuni yetu hatushoni nguo, tunatengeneza cherehani. Wanaoshona ni wale wanaotengeneza programu za simu na kompyuta, wako Mwanza, Mbeya, Kampala, kila mahali. Sasa cherehani yetu inabadilika kila mara, leo imeongezwa hiki, kesho kile kimetolewa. Mimi ndiye ninayewaandikia habari ya kilichobadilika, na anayeanza ninamfundisha kuweka uzi, na aliyekwama ninamkwamua. Nikakuambia, kumbe ni hivyo tu? Ukacheka. Ukasema ndiyo, ni hivyo tu, ila ni wengi.

Siku hiyo nilifurahi kuliko ulivyojua. Nilijiambia, basi mtoto wangu hajaenda mbali na duka. Anauza kwa namna nyingine. Na hapo ndipo kosa langu lilipokaa, mwanangu, kwa sababu nikaamini kwamba yote niliyokufundisha hapa yatakufaa kule.

Wewe umekulia kwenye fremu hii ya duka. Umejifunza kusoma kwa lebo za zipu. Unajua kwamba Kariakoo hatusemi hamna. Mteja akiuliza kitu usicho nacho, unamwambia ipo, karibu ukae. Unamvutia stuli, ukiweza unamwagizia maji baridi, halafu unatokea upande wa pili wa korido kwa jirani. Jirani akikosa, unakwenda kwa jirani wa jirani. Unarudi nacho mkononi ukihema kimya kimya, kama mtu aliyetoka stoo ya kwake. Mteja hajui, na wala hana haja ya kujua. Nilipoteremka kutoka Machame sikuwa na fremu wala rafu. Nilikuwa nasimama nje tu, hiyo ambayo sasa wanaiita winga, na chochote mpita njia alichokitaja nilisema ipo, nifuate. Hata kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Neno hilo ndilo lililonilisha, likamwoa mama yako, likakusomesha. Kwa hiyo usidhani nalitukana. Nalijua lilikonitoa.

Wewe ulilisema mapema. Ulikuwa hata kaunta huifikii, mama mmoja akaingia akauliza kama tuna ndoana za sidiria, na mimi sina, na kabla sijafungua mdomo sauti ikatoka chini ya kaunta: "Ipo mama, karibu ukae." Korido nzima ilicheka. Mawinga walikubeba juu juu. Nami nilivimba kichwa, nikamwambia kila aliyepita kwamba huyu ni damu yangu.

Palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa anasema hamna, naye ni Bi Hansa, yule Mhindi wa duka la nyuzi hapo mbele. Unamkumbuka wateja walivyokuwa wanamfuata na mawinga walivyokuwa wanamchukia. Unamletea mteja umemtoa mbali kwa jua, anauliza uzi wa rangi fulani, Bi Hansa hata hainuki, anasema hamna, anaonyesha kwa kidevu duka la kwenda. Walimpa jina la Mama Hamna, na alilijua, wala hakujali. Siku moja nilimwuliza, Bi Hansa, wewe biashara gani hii, unamfukuza mteja aliyekwisha kuingia? Nilidhani atanipa somo la dini yao, au la baba yake aliyeanzisha duka. Akaniambia, "Baba Manka, nikisema ipo itabidi niinuke. Magoti haya yananiuma." Basi. Nikaenda zangu nikicheka. Lakini mafundi wa Ilala walikuwa wanaanzia kwake kila mara. Nilikuwa nawaona wakipita mbele ya duka langu kwenda kwake, na sikupata kujiuliza kwa nini.

Nikueleze sasa habari ya fundi Zuhura, ambayo wewe huijui kwa kuwa ulikuwa bweni. Zuhura alikuwa mteja wangu tangu nina meza tu. Siku moja akaja akitafuta zipu ndefu ya rangi ya maziwa, kwa gauni la bibi harusi. Akaniletea na kipande cha kitambaa nikione. Sikuwa nayo. Nikasema ipo, karibu ukae. Nikazunguka Kariakoo yote, nikashuka mpaka karibu na Gerezani, nikapata moja ambayo pale kwenye giza la korido ilionekana ni ile ile. Nikarudi, nikaiweka juu ya kitambaa, nikaifunika kidogo kwa kiganja. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimechoka, na Zuhura alikuwa na haraka, na wote wawili tulitaka iwe ndiyo yenyewe.

Kumbe harusi ilikuwa usharikani kwetu. Jumamosi hiyo nimekaa mbele na wazee wenzangu, kwaya inaimba, bibi harusi anapita kwenda madhabahuni. Mgongo wake ukafika usawa wangu. Madirisha ya kanisa letu unayajua yalivyo makubwa. Zipu ilikuwa ya njano. Si njano ya kupiga kelele, lakini ilikuwa imepita katikati ya gauni lile kuanzia shingoni hadi kiunoni, na ukishaiona huoni kingine. Nikainamisha kichwa. Aliyekuwa kando yangu akadhani nasali.

Zuhura hakunirudia kunilaumu. Ningeshukuru kama angekuja akanisema mbele ya watu. Aliacha tu kuingia. Nikawa namwona anapita na mfuko wake kuelekea kwa Bi Hansa, ananisalimia vizuri, "habari za biashara kaka Elia," anapita. Na mimi sikubadilika. Hilo ndilo ninalotaka ulijue, kwamba kosa halikunifundisha siku hiyo. Nilichofanya ni kuanza kupeleka sampuli za rangi dirishani, kwenye mwanga, nikaona nimeshapata akili, na neno langu likabaki lile lile. Nilikuwa nasali kila asubuhi kabla ya kufungua, namwomba Mungu aniletee wateja, halafu wale anaoniletea nawaambia ipo. Sikuona kama hayo mambo mawili yanagusana.

Yalikuja kugusana kwako, mwaka ule ulipokuwa unaendesha lile kundi la simu kutoka kwenye kiti hiki hiki. Ulikuwa bado hujaajiriwa. Ulikuwa unawakusanya watumiaji wa ile zana, hiyo cherehani yenyewe, wanaoongea Kiswahili, unawaandikia kila wiki kilichobadilika, unawafundisha kwa sauti kati ya mteja na mteja. Mimi nilikuwa napenda kukusikiliza. Sikuelewa hata nusu, lakini nilielewa sauti yako ilivyokuwa inangoja mtu aelewe.

Ndipo dada Saumu wa Tanga akauliza lile swali. Alikuwa anatengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati, mtandao kule unakatika kila saa, akauliza kama zana yenu ina namna ya kufanya programu iendelee kufanya kazi mtandao ukiondoka, kisha iyapeleke maandishi ukirudi. Haikuwa nayo. Na wewe, mbele ya kundi zima, ukamwandikia: ipo dada, subiri nikuletee.

Ukaenda kwa jirani. Ulitafuta huko na huko, ukaokota kitu alichokitengeneza mtu mwingine asiyehusika na zana yenu, ukakirekebisha kidogo, ukamletea Saumu kana kwamba umekitoa stoo ya kwako. Kikafanya kazi. Akakushukuru, akakuombea dua. Nakumbuka ulinisomea dua hiyo hapa, na mimi nikakusifu. Halafu toleo jipya la zana likatoka, ukawaandikia watu habari njema, ongezeko hili na ongezeko lile, kila mtu aapdeti. Saumu akaapdeti. Kile ulichomwokotea kikafa hapo hapo, na kazi ya wiki nzima ya manesi ikaondoka nacho.

Alipokupigia ulikuwa umesimama pale penye lesi, ukaweka simu sauti ya nje, nami nikasikia. Nilidhani atatukana. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyelia akamaliza. "Mdogo wangu," akasema, "ungeniambia haipo, ningewaambia manesi waandike kwenye daftari pia. Mimi niliacha daftari kwa sababu ya neno lako."

Mwanangu, mimi nimesikia mahubiri mengi. Hakuna lililonikaa kama hilo. Zipu ya njano ilimwaibisha bibi harusi asubuhi moja. Lakini pale palikuwa na mtu aliyekuwa na daftari lake, akaliacha, kwa kuwa sisi wa Kariakoo hatujui kusema hamna.

Na bado nilikupa ushauri wa kipuuzi. Unaukumbuka, nami naukumbuka. Nilikuambia, mwambie tatizo ni la mtandao wa kule kwao, utafute lingine umpelekee, na kwenye kundi usiandike chochote, watu watasahau. Wewe hujawahi kunijibu vibaya, lakini siku hiyo hukunifuata. Ukakaa hapa ukaandika. Baadaye nilikuomba unisomee, nikakuomba tena, mpaka nikayashika. Uliandika kwamba ulisema ipo na haikuwepo. Kwamba ulichompa dada Saumu ulikiokota kwingine na hukukijua vizuri. Kwamba yeyote mwingine aliyekichukua asiapdeti kwanza, akuandikie, mtakwenda pamoja. Hukuweka pambo. Hukuanza na habari njema.

Wawili walitoka kwenye kundi, mmoja akiwa amekuandikia maneno ya kejeli kwamba fundi gani asiyejua mashine yake. Wengine walikuwa nacho kile kitu na walikuwa hawajaapdeti, wakanusurika. Na wewe ukabaki na Saumu siku baada ya siku, hata wateja nikawa nawahudumia peke yangu, mkiyaandika upya yale ya manesi kutoka kwenye vikaratasi na kumbukumbu zao. Yote hayakupatikana. Hilo nalo tulikubali.

Sasa nikuambie ninachokiamini, ingawa wewe hutaki kukubali. Bi Atieno alikuwamo kundini akisoma siku zote zile, naye ndiye msimamizi wako wa sasa. Wewe unasema walikuchukua kwa sababu ya masomo yako ya sauti. Mimi nasema masomo mazuri wanayo wengi. Siku ya usaili alikuuliza habari ya Saumu kabla ya kitu kingine chochote, wewe mwenyewe uliniambia. Mtu anayeuza cherehani ana watu wa kuzisifu. Anayemtafuta ni yule ambaye akisema sindano hii haiingii, fundi anaiweka chini.

Basi tuje kwenye asubuhi ya leo.

Ulinifuata hapa umevaa tayari kwa kutoka, ukaniamkia, ukanipa simu nisome. Bi Atieno ameandika kwamba Jumatatu kuna darasa la watumiaji wapya, watakuja wengi kwa njia ya mtandao, linahusu ile sehemu mpya ya zana ya kupimia programu kama ina makosa. Je, utaweza kulifundisha? Ajibiwe leo kabla ya jioni. Ukaniambia, Baba, hiyo sehemu sijaigusa hata mara moja. Ukaniambia pia kwamba yuko kijana mwingine aliyeanza majaribio pamoja na wewe, kwamba mwisho wa miezi mitatu huenda wakabakiza mmoja, na kwamba ulishaandika ndiyo nitaweza, ukafuta. Ukauliza nifanyeje.

Na mimi, mkono wangu ukiwa kwenye zipu za mteja, nikakuambia, sema ndiyo. Njia ni ndefu, utajifunza ndani ya basi. Kwani Jumatatu ni kesho?

Ukasema, "Haya Baba." Ukaondoka na shangazi yako.

Mteja yule naye akaondoka, nikabaki naitazama korido. Nimejiuliza kwa nini nimesema vile baada ya yote niliyoyaona. Jibu si zuri. Nimeogopa. Tiketi imekatwa, usharika umekuombea, ndugu wa Machame wamepiga simu mmoja mmoja. Nimeona utarudi hapa baada ya miezi mitatu, na watu wale wale watauliza Manka vipi tena, nami nitabadilisha mazungumzo. Nimekuogopea, ndiyo, lakini nimejiogopea na mimi. Hofu ikija, neno la kwanza linalonitoka ni lile lililonilisha.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu la pili. Mwambie huijui. Mwambie leo, asije akajua Jumatatu mbele ya watu. Mwambie unachokijua ni kipi, ili asidhani hujui kitu. Kisha umwachie aamue.

Sikufichi kwamba linaweza kukugharimu. Sitaki kukudanganya kwamba mkweli hupewa zawadi mlangoni. Wale wawili waliotoka kundini hawajarudi mpaka leo. Zuhura hajarudi kwangu. Kuna watu ukiwaambia hamna, wanakwenda kwa anayesema ipo, na huyo anayesema ipo anafungua duka la pili. Nimeyaona hapa maisha yangu yote. Ila fikiria hao watakaokaa kwenye darasa lako. Watakuwa wamekaa kama Saumu, mbele yao kuna kazi ya mtu mwingine, daftari liko pembeni, wanangoja uwaambie waliweke au waliache. Kwenye duka langu nikikosea, mtu anarudi na zipu. Kule hutawaona nyuso. Hutajua nani ameondoka na nini.

Nimekuwa nikifikiri pia juu ya hizo habari utakazokuwa unaandika. Ukinisomea za kampuni nyingine, zote zinaanza kwa furaha, kama mawinga wa nje hapa. Sina elimu ya kukufundisha kuandika. Lakini kama kuna kitu kinatolewa, kitaje mapema, mtu asije akakikuta mwisho akiwa ameshakata kitambaa. Na anayeanza akikuuliza kitu ambacho wengine wanakiona cha kijinga, mfundishe kama ulivyokuwa unamfundisha mama yako kutuma picha, usihesabu ni mara ya ngapi. Mama yako bado anakosea, lakini haogopi tena.

Na sala. Najua vijana wa siku hizi mna namna zenu, sitakuuliza Jumapili umeketi benchi gani. Mimi nilikuwa naomba Mungu aniletee watu. Siku hizi nabadilisha kidogo, namwomba nisiwe wa kwanza kuwapoteza. Ukipata nafasi asubuhi kabla hujafungua hiyo kompyuta, omba hivyo, au namna yako.

Nilitaka kuendelea, lakini umeingia.

Imebidi niache kalamu kisha niishike tena. Umekuja na mfuko wa samaki, shangazi yako amepitiliza nyumbani, ukakaa kwenye stuli. Nilikuwa nakunja karatasi nikupe, nikakuambia Manka, ngoja, lile la asubuhi, usimjibu kwanza. Ukasema umeshamjibu tangu ukiwa Feri, kabla hata hamjanunua samaki. Nikaiacha karatasi nusu imekunjwa. Nikadhani umenitii.

Ukanipa simu nisome. Ulimwandikia kwamba sehemu hiyo huijui na hujawahi kuitumia, kwamba unaweza kuwafundisha wanaoanza kabisa namna ya kuiweka zana na kuanza nayo, na kwamba hiyo nyingine utahitaji muda. Nikakuuliza mbona ulisema haya Baba. Ukajibu hukutaka kunibishia mbele ya mteja. Chini yake palikuwa na jibu la Bi Atieno, fupi, la watu wenye kazi nyingi. Amekushukuru kwa kusema mapema. Darasa la Jumatatu atalichukua yule kijana. Wewe mtaonana ukifika.

Nimelisoma tena na tena nikitafuta kama kuna kingine ndani yake. Sikukiona. Basi barua hii haina kazi tena, ungeweza kusema, kwa kuwa ulishafanya bila mimi. Nitakupa hata hivyo. Nataka ujue kwamba baba yako alifika palepale ulipofika, ila amechelewa.

Halafu ukauliza. Ulikuwa unauangalia mfuko wa samaki, huniangalii mimi. "Sasa Baba, miezi mitatu ikiisha watanibakiza mimi, au yeye?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno, mwanangu. Lilikuwa tamu, na ungelipenda, na ungelala nalo usiku wa leo.

Nikakuambia, "Sijui."

Kisha ukainuka, ukasema twende, mama atakuwa amefika na samaki wataharibika. Uko mlangoni sasa unanisubiri nimalize, na mimi namalizia hapa.

Mungu akutangulie barabarani na ndani ya hiyo kazi.

Baba yako,
Elia